Karatasi za Abdias

Butembo, Jumapili 8 Septemba 2024

Mvua imeanza kweli. Wiki nzima ilikuwa ikitishia tu kutoka upande wa milima. Leo imetukuta tukitoka kanisani, ikatupiga hadi nyumbani.

Nimeliandika hilo neno, nyumbani, kisha nimelitazama. Nyumba ni ya Éliakim, mume wa binti yangu Jokébed. Kwetu Wanande, baba mkwe hufika kwa mkwe wake kama mgeni. Hukaa kwenye kiti kizuri, hunywa, huwasifu wajukuu, na huondoka jua lingali juu. Mimi nilifika na sanduku la chuma, siku chache baada ya kumzika mke wangu kule Beni, na sijaondoka.

Ndiyo maana naamka kabla ya watu wote. Naoga, namwaga maji, nalirudisha beseni mahali pake, ili Éliakim asione povu la sabuni ya baba wa mke wake. Nguo zangu za ndani nazianika chumbani, juu ya sanduku. Msimu wa mvua hazikauki. Leo nimemwabudu Mungu nikiwa nimevaa mbichi.

Jumanne 10 Septemba

Mjukuu wangu Hadassa ameniuliza ndani ya sanduku kuna nini.

«Kuna treni,» nikamwambia.

«Treni ni nini, Koko?»

Ana miaka saba, amezaliwa hapa, na hapa reli haikufika kamwe. Nikamwambia ni nyumba nyingi zinazofuatana, ya mbele inatoa moshi. Akacheka, akaenda kumwambia mama yake kwamba Koko anamdanganya.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu Kisangani. Kila Jumapili nilivuka mto kwenda ng'ambo ya kushoto kulitazama gari la moshi la Ubundu likiondoka. Wenzangu walifuata mpira na wasichana. Mimi nilifuata moshi. Sikuwahi kuajiriwa na reli hata siku moja. Nilikuwa mtu wa kutazama. Aliyenitambua ni machiniste Abdias, mwendesha injini, mtu mfupi mwenye kofia iliyoungua pembeni. Akanipandisha juu, akanionyesha moto, na mwisho wa safari akanionyesha karatasi.

Kila safari ilikuwa na karatasi yake: saa ya kuondoka, maji yaliyochukuliwa, kuni zilizochomwa, na chini kabisa, sababu za kuchelewa. Abdias alipokosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, akaandika lililo sawa kando yake, kisha yeye na mkuu wa stesheni wakatia sahihi. Aliniambia karatasi iliyofutwafutwa ilikataliwa ofisini.

Miaka mingi baadaye, Abdias ameshakufa, nilizikuta karatasi za zamani zimetupwa uani zinanyeshewa. Nikaokota zake, gunia zima. Kaburi lake silijui lilipo. Nina sanduku hili.

Ijumaa 13 Septemba

Mvua. Jokébed ameuza karanga vizuri, watu wanapenda kitu cha moto. Barabara ya Kanyabayonga imefungwa na vita tangu Juni na vipuri vya pikipiki anavyouza Éliakim havipandi tena kutoka Goma. Sasa nyumba nzima inakula kwenye ile sinia ya karanga. Mimi pia.

Jumatano 18 Septemba

Paa la chumba changu limevuja, maji yakaingia sandukuni. Nilisimama katikati ya chumba nimeshika karatasi mbichi kama mtu aliyeshika kuku mgonjwa. Jokébed aliacha kazi yake. Alizikausha moja moja karibu na jiko la makaa, akizigeuza kwa ncha za vidole, tangu asubuhi hadi watoto waliporudi kutoka shule.

Zinazosomeka nimezirudisha ndani. Zilizochafuka nimezipanga kando, nizichunguze nikipata mwanga mzuri.

Alhamisi 19 Septemba

Éliakim ameleta mbao tena, za mikaratusi, amezipanga nyuma ya jikoni. Hii ni mara ya tatu tangu Agosti. Hasemi ni za nini. Watu wengi mtaani wanajenga vyumba vya kupangisha. Kwenye kiwanja hiki hakuna nafasi ila wakibomoa chumba changu.

Siwezi kumwuliza. Baba mkwe hamwulizi mkwe wake anajenga nini kwake.

Jumamosi 21 Septemba

Siku nzima nimesoma historia ya Warumi, kitabu cha kuazima kwa mchungaji. Jokébed alipita akaniuliza kitu, nikamjibu. Mvua jioni.

Jumatatu 23 Septemba

Nilikuwa natoka kwa fundi viatu. Kwenye kona wanaposimama vijana wa pikipiki, yule mrefu alikuwa anatafuna karanga.

«Chef de gare! Train ya Goma iko na retard tena leo?»

Wenzake wakacheka. Ndilo jina walilonipa, mkuu wa stesheni, na treni yangu huchelewa siku zote. Huwa nacheka nao. Leo sikucheka, kwa sababu karatasi iliyofungia karanga mkononi mwake ilikuwa na mwandiko wa Abdias. Naujua kama uso wa mtu. Herufi zinalalia kushoto, kwa kuwa aliandika juu ya goti injini ikitikisika.

Nilimnyang'anya. Karanga zikamwagika matopeni. Nikaenda nyumbani mbio, mzee wa miaka yangu, fimbo kwapani.

Jokébed alikuwa mbele ya nyumba, kwenye meza yake, anakunja karatasi kuwa vikoni vya kutilia karanga. Mteja mmoja alikuwa anangoja. Éliakim alikuwa mlangoni.

«Nani alikupa hizi?»

«Papa, si ni zile za kando...»

«Za kando! Unauzisha mutu na karanga?»

«Papa, mais nilikuuliza...»

Sikumwacha amalize. Nilinyoosha kidole kwenye mikono yake, nikasema: «Hii mikono yenye iliuzisha Abdias, isiuzishe tena kitu. Isishike mali mupaka nife.» Nikalirudia neno hilo kwa Kinande, lugha ambayo mtu wa kwetu halaani kwa mchezo.

Éliakim alisimama wima. Akaangalia chini, akaingia ndani. Yule mteja akakirudisha kikoni mezani, taratibu, kama kitu kilichookotwa njiani, akaenda zake bila karanga.

Nililia mbele ya binti yangu, nikiwa nimeshika karatasi yenye mafuta.

Jumanne 24 Septemba

Sikula. Si kwa hasira tena. Niliogopa kunyoosha mkono kwenye sahani.

Ijumaa 27 Septemba

Jokébed anakaanga karanga ndani ya mchanga wa moto. Asubuhi hii sufuria imemwinamia, mchanga umemwagikia mkono wa kulia. Ngozi imetoka kama ganda la ndizi iliyoiva.

Jirani alikuja na asali ya kupaka, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha: «Ni lile neno. Neno la muzee haliendake bure.»

Jokébed akajibu, meno yamebanana: «Mimi ni mutu wa Yesu. Siogopi maneno.»

Lakini alikuwa anautazama mkono ule kama si wake.

Jumanne 1 Oktoba

Leo amenipa ugali na maharage kwa mkono wa kushoto. Amepiga goti kama kawaida. «Unisamehe, Papa, juu ya mukono ya kushoto.» Kwetu chakula hakipewi mzee kwa mkono huo.

Eti aombe msamaha yeye, si mimi.

Jumatatu 7 Oktoba

Nimezunguka soko siku tatu kutafuta karatasi zilizobaki. Zilitoka pamoja na karanga, na karanga huenda kila mahali. Sasa watu wananijua. Mwanamke wa chumvi aliniita: «Papa wa makaratasi! Kuja, niko na ya cahier ya mutoto, itakusaidia?» Akainua ukurasa wa daftari, wenzake wakapasuka kwa kicheko. Wengine wanalijua neno nililosema, hao hawacheki; wananipisha.

Muuza samaki wa Kyavinyonge alikuwa nayo moja.

«Yangu inanuka samaki, Papa, utanisamehe.»

Nilijificha nyuma ya vibanda kuisoma. Safari ya Ubundu, kuni mbichi, maji ya kutosha. Chini, kwenye sababu za kuchelewa, Abdias ameandika: *Tulimngoja mama mmoja aliyekuwa anakimbia.*

Ndiyo yote. Gari zima la moshi, mabehewa, mizigo, meli inayongoja Ubundu. Na aliona mtu anakimbia, akasimamisha. Mimi binti yangu alisema «mais», yaani lakini, na sikuweza kungoja neno lifuatalo.

Jumamosi 12 Oktoba

Mkono umeanza kupona. Jana Jokébed aliitoa sufuria, akawasha moto, akamwaga mchanga. Akaushika mfuko wa karanga, akauweka chini. Akauzima moto. Mchungaji alikuja kuomba. Jokébed aliitika amina vizuri, kwa sauti, na baada ya mchungaji kuondoka akaisukuma sufuria chini ya kitanda.

Hajauza. Maharage leo hayakuwa na mafuta. Éliakim amekula akasema yametosha. Hadassa alisema hayana ladha, akapigwa jicho na mama yake.

Niliwahi kudhani aibu ni kula kwa mkwe. Sikujua kwamba kuna kubwa zaidi, aibu ya kula kwa mkwe baada ya kukausha sahani yake.

Beni, Alhamisi 17 Oktoba

Nimekuja kwa dada yangu mkubwa, yaya Kasika Emérence. Nilimkuta anaota jua uani, maharage mapajani, rozari shingoni. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mprotestanti. Tumezoea kutaniana kwa hilo. Leo hakunitania. Habari ilikuwa imetangulia.

«Kakule, ulilaani mutoto juu ya makaratasi?»

«Ndiyo, yaya.»

«Uliandikaka weye?»

«Hapana. Ya rafiki.»

«Ya rafiki!» Alicheka hadi akakohoa. Haikuwa furaha. «Na sasa unataka nini? Nikuombee kwa Maria?»

«Nataka kurudisha neno.»

Akaacha maharage.

«Unakumbuka Baba alilaani kaka yetu juu ya mbuzi? Alimurudishia neno wapi?»

«Kwa mulango.»

«Mulango ya nani?»

«Yake.»

«Njo ivyo. Baba anasimama ndani, mutoto anasimama inje, katikati ni kizingiti. Neno linarudi kwa nyumba ya mwenye alilitosha mu kinywa. Weye uko na mulango gani?»

Mlango wangu ulikuwa upande wa Mbau. Tulitoka kwa mlango huo usiku mmoja miaka kumi iliyopita, tukikimbia vita, na aliyekwenda kuangalia baadaye aliniambia migomba imeota sebuleni.

«Nitapanga chumba,» nikasema.

«Ya kupanga ni ya mwenye nyumba. Kesho anakutosha inje. Iwe mulango yenye hakuna mutu wa kukutosha inje.»

«Yaya, mimi ni mukimbizi.»

«Najua. Mimi pia. Mais Jokébed hana kosa juu ya ile.» Akachukua tena maharage. «Uko na mukwe. Mukwe anajengeaka baba wa bibi yake, ni desturi. Umuombe.»

«Nililaani bibi yake mbele ya macho yake. Namuomba na kinywa gani?»

«Na kile kile.»

Butembo, Jumapili 20 Oktoba

Nimerudi. Sijasema.

Alhamisi 24 Oktoba

Mvua ya mawe. Éliakim alikuwa peke yake sebuleni, anasikiliza redio. Nilikaa. Nikamwuliza habari za barabara. Akasema bado imefungwa. Nikasema ni vibaya. Akasema ni vibaya. Sijasema.

Jumapili 3 Novemba

Sijasema. Jokébed anafulia watu nguo sasa, mkono ule ndani ya sabuni. Kufua si kuuza, amemweleza Hadassa, kwa hiyo kunaruhusiwa. Mtoto alikuwa amemwuliza tu kama atauza karanga Noeli. Nimewasikia kupitia ukuta.

Basi analiamini. Kwaya, amina, mutu wa Yesu, na bado anapima kila kazi kwa kipimo cha neno langu, hii inaruhusiwa, hii hapana.

Ijumaa 8 Novemba

Nimesema. Naandika yote kama yalivyokuwa, bila kujipamba.

Éliakim alikuwa nyuma ya jikoni, anafunika mbao kwa plastiki. Tulisimama bega kwa bega, tukizitazama mbao, kwa kuwa mtu na mkwe wake hawatazamani machoni wakiwa na neno zito.

«Éliakim.»

«Papa.»

«Ninaomba mulango.»

«Mulango gani, Papa?»

Nikamweleza. Kizingiti, baba ndani, mtoto nje. Nyumba ndogo tu, hata ya kusimama bila kulala. Nilizungumza nikiwa nimeshika ncha ya ubao kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi.

Akafunga kona ya plastiki. Kisha akasema: «Papa, unihurumie. Nitasema kitu yenye mukwe hapashwe kusema.»

«Sema.»

«Ile Jumamosi nilikuwa ku sebule. Jokébed alikuja na ile makaratasi ku mikono mbili. Alikuuliza: Papa, hizi za kando naweza kutumia? Ulikuwa na kitabu. Ukasema ndiyo. Akauliza tena, Papa, kweli? Ukasema: ndiyo, ndiyo, wacha nisome.»

Nilikaa juu ya mbao. Warumi. Nilikuwa kwa Warumi, kwenye ukurasa wa vita sijui vipi, na sauti ya binti yangu ilikuwa kama nzi.

«Juu ya nini hukusema siku ile?»

«Niseme namna gani? Nikusute mbele ya bibi yangu na mukiliya wa karanga? Weye ni baba mukwe.»

Kwa hiyo aliinamisha kichwa, akaingia ndani. Nami nilidhani aliingia kwa kunichukia.

Niligonga ubao niliokalia. «Na hizi mbao? Unajenga nini?»

Akakohoa. Akaunyoosha ukingo wa plastiki uliokuwa umenyooka tayari.

«Ni zako, Papa.»

«Zangu namna gani?»

«Tangu mwezi wa munane. Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Mutu akiambia baba mukwe, nakujengea pale pembeni, ni kama anasema, toka mu nyumba yangu. Nikawaza, nitangoja aseme yeye.»

«Mimi niliwaza unataka chumba changu, ukipangishe.»

Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, nadhani. Kisha akacheka, akaziba kinywa kwa mkono kama inavyopasa mbele ya baba mkwe, na mabega yakaendelea kucheka. Mimi sikuweza. Miezi mitatu tumekuwa watu wawili wenye adabu, kila mmoja amesimama upande wake wa rundo la mbao, na mtu aliyeumia katikati.

Jumamosi 9 Novemba

Nilimfuata Jokébed kwenye kamba ya nguo.

«Mwanangu, ulijua kama nilisema ndiyo.»

«Nilijua, Papa.»

«Na wiki hizi zote hukujitetea?»

Alitundika shuka, akalinyoosha. Alizungumza akiwa nyuma yake, nikaona miguu tu.

«Nilitaka kusema ile siku. Halafu nikakuona unalia juu ya ule mutu.» Akatundika foronya. «Mama alipokufa haukulia ivyo. Ulifunga sanduku na kamba, ukasema twende. Donc basi nikawaza, kumbe nimeharibu kitu yenye inapita Mama. Nikanyamaza.»

Ni kweli kwamba siku ile kule Beni nilifunga sanduku kwa kamba. Nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyoanguka wakilia barabarani, nikajipa kazi ya mikono ili nisianguke. Lakini mtoto hasomi ndani ya kifua cha baba yake. Anaona kamba.

Nilimwambia hivyo. Ilinitoka vibaya, kwa vipande. Alitoka nyuma ya shuka, akanipa ncha moja nimsaidie kukamua blanketi.

Jumamosi 23 Novemba

Wamejenga. Ndugu za Éliakim wamepanda kutoka Kalunguta na misumeno yao, na vijana wa pikipiki wa kona wamebeba manjanja, mabati ya paa, vichwani, mvua ikipiga juu yake kama ngoma.

«Chef de gare, tunakujengea gare!» alipiga kelele yule mrefu, yule niliyemmwagia karanga zake.

Nilimwambia mbele ya wote kwamba mimi sikuwahi kuwa chef de gare, wala sikuwahi kufanya kazi ya reli, hata ya kufagia.

«Tunajua, Papa,» akasema. «Chef de gare wa kweli angekuwa na pension.»

Chumba kimoja, nyuma ya jikoni pale mbao zilipokuwa, nafasi niliyodhani haitoshi. Mlango mmoja, unaofunguka kwa ndani. Éliakim alinipa nyundo nipige msumari wa kwanza wa kizingiti. Nilikosa, nikaupinda. Aliunyoosha bila kuutazama uso wangu.

Jumamosi 30 Novemba

Emérence alifika jana kutoka Beni na jogoo kikapuni.

Asubuhi mvua ilituacha kidogo. Nilisimama ndani, Jokébed akasimama nje, kwenye matope, miguu peku. Éliakim nyuma yake, amembeba Hadassa. Majirani walikuja, nilitaka wafukuzwe, dada yangu akakataa. «Walisikia la kwanza, basikie na la pili.»

Kisha akaniambia: «Lirudilie kwanza.»

«Yaya?»

«Utarudisha kitu chenye hatukukiona? Lirudilie lote. Ku Kinande pia.»

Hilo sikuwa nimelitarajia. Ilinibidi niseme, kwa kinywa changu, kwa utulivu, maneno yale yale, nikiitazama mikono ile ile, mmoja wake sasa ukiwa na ngozi nyekundu, laini, bila mistari. Sikuwa na hasira ya kunibeba. Neno moja moja lilitoka uchi. Nilipofika «isiuzishe» sauti ikakatika, Emérence akangoja. Wote wakangoja. Nikamaliza.

Ndipo nikasema mbele yao kwamba aliniuliza mara mbili, nikajibu mara mbili, bila kuinua kichwa. Jirani wa asali akasema «Eh!» Nikasema kosa ni langu, neno ni langu, na ninalirudisha ndani ya nyumba yangu. Nikachukua maji kinywani, nikayapuliza juu ya viganja vyake.

Alivifunga. Akakaa hivyo, ngumi mbili zinadondoka maji.

«Wasingya, Papa,» akanishukuru kwa Kinande, na akaenda kuangalia sufuria, kwa kuwa jogoo alikuwa anaungua.

Alasiri nilifungua ukurasa wa tarehe 23 Septemba. Nimelipiga lile neno mstari mmoja. Linasomeka bado. Kando yake nimeandika: *Aliniuliza.* Nimetia sahihi. Éliakim aliposhika kalamu aliniuliza asaini kama nani, na mimi nikamwambia, kama mkuu wa stesheni. Hakuelewa vizuri, lakini alisaini.

Jumatatu 2 Desemba

Jokébed hajauza bado. Sikutazamia miujiza, ila nilitazamia. Nimelala vizuri chini ya manjanja yangu, na nimeaibika kwa kulala vizuri.

Jumatano 4 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Nilikuwa mezani na kitabu, nimebakiza kurasa chache za Warumi, nikanusa mchanga wa moto. Baadaye kidogo mtu akabisha mlangoni.

«Hodi, Papa?»

Miaka kumi hakuna mtu aliyenipigia hodi. Kwa muda nilisahau jinsi inavyojibiwa.

«Karibu.»

Jokébed aliinama kupita, mlango ni mfupi. Alikuwa na majivu kwenye kilemba. Ile ngozi mpya ya mkono ilikuwa imeshika rundo la karatasi. Nyingine zilikuwa kurasa za daftari la zamani la Hadassa, nyingine sikuzitambua kutoka pale nilipokaa.

«Papa, hizi naweza kutumia?»

Nikafunga kitabu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

«Ngoja,» nikasema, «sogea kwenye mwanga nione.»